Picha za Zamu Yangu

Ipo asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo hushusha pumzi kwanza, ndipo niendelee na nilichokuwa nafanya. Ni asubuhi ambayo baba yangu, Mungu amrehemu, alifika Kibiti kutoka Mbuchi, amevaa kanzu yake ya safari na bakora mkononi, akasimama kwenye mlango wa chumba tulichokuwa tukifanyia kazi, akasema amekuja kunichukua. Hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka. Alisema taratibu, kama mtu aliyeitwa kuja kuondoa mzigo wake uliokataliwa.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi uliniona msumbufu. Nilikukuta umemimina mafaili yako yote ya picha za darubini ndani ya programu ya kuunganisha, mabichi kama yalivyotoka kwenye kamera, nikakwambia uyatoe, uyafungue moja baada ya jingine kwanza. Ukasema kwa adabu kwamba programu za siku hizi zinajua zenyewe. Nilinyamaza maana jibu langu lilikuwa refu na watu walikuwa wananisubiri. Leo nina nafasi. Sogeza kiti.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Kibiti ilikuwa haijawa wilaya ya peke yake, na mwenye kutaka umeme alikuwa anawasha jenereta. Alikuja mhadhiri mmoja wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Mwalimu Matimbwa, mwenyewe asili yake ni huku huku kwetu, pamoja na wanafunzi wake wachache na darubini. Wakapiga kambi kwenye shule moja ya Dimani iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Kule Mbuchi kwetu, deltani, ukungu wa mtoni unasumbua, Dimani ni pakavu zaidi.

Alichokitaka ni picha kubwa ya ule mkanda mweupe wa nyota unaopita juu ya vichwa vyetu miezi ya kipupwe, upande wa nyota za Nge. Wewe unajua, lakini wengine hawajui: darubini huona kipande kidogo tu cha anga kwa mara moja. Ukitaka picha kubwa unapiga vipande vingi, kila usiku safu yake, kila kipande kikipandana kidogo na jirani yake, halafu kompyuta inavishona viwe picha moja. Na kila faili la picha hubeba maelezo yake mwanzoni: sehemu gani ya anga, saa ngapi, kamera ilifunguliwa kwa muda gani. Programu ya kushona husoma maelezo hayo, ikajua kipande hiki kikae wapi.

Mwalimu aliulizia kijana wa huku aliyesoma hesabu vizuri, jina langu likatajwa. Baba alikataa. Alisema binti wa watu hawezi kukaa nje baada ya Isha na wanaume wageni kwa kisingizio cha nyota. Basi Mwalimu Matimbwa akapanda mtumbwi mwenyewe mpaka Mbuchi, akala wali nyumbani kwetu, wakazungumza mchana kutwa. Wakakubaliana kwamba nitakaa Dimani kwa mama mdogo Somoe, ambaye nyumba yake ilipakana na shule. Nitapewa zamu ya kwanza, ya baada ya Isha tu, na mama mdogo atatandika mkeka wake pale pale karibu na darubini mpaka nimalize. Mwalimu akaongeza kwamba nikifanya vizuri atanisaidia kuombea nafasi chuoni. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomlainisha baba, ingawa hakulisema.

Siku zikaenda vizuri. Nilijifunza kuielekeza darubini kwa mkono, nikianzia kwenye nyota kubwa niliyoonyeshwa na kusogea kidogo kidogo kwa kufuata ramani. Mama mdogo alikuwa anasinzia kwenye mkeka na kuniuliza kila akizinduka kama nyota hazijaisha.

Kisha ukaja usiku mmoja ambao mambo yote yaligongana. Mama mdogo alikuwa mkunga, akaja kuitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, naye hakuweza kukataa. Mwalimu alikuwa amelala na homa. Wanafunzi walikuwa wamekwenda Kibiti kutafuta mafuta ya jenereta na hawajarudi. Nikabaki mimi na darubini. Safu ya usiku ule ilikuwa ndiyo ya katikati, ndiyo moyo wa picha, na anga ilikuwa safi, sikuona sababu ya kuacha. Ndiyo kwanza naanza kazi, kompyuta kubwa ikazimika. Nikachukua ile ya akiba, iliyoletwa na mwanafunzi mmoja anayeitwa Fadhili, nikaunganisha nyaya kama nilivyofundishwa, nikaendelea mpaka safu yangu ikaisha. Nikaifunika darubini, nikaenda kulala.

Usiku ule ule kulikuwa na ngoma ya harusi kijijini Ruaruke. Mimi hata sikuwa na habari nayo.

Tulipomaliza kupiga picha tulihamia Kibiti, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la vipuri, kwa sababu pale jenereta iliwaka mchana kutwa. Fadhili ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta. Kijana mwepesi, mcheshi, ana haraka ya kuona matokeo. Akayaingiza mafaili yote kwenye programu kwa pamoja. Picha ikatoka nzuri pembeni zote, na katikati ina shimo jeusi. Akatafuta picha za sehemu ile, hakuna. Akayakuta mafaili ya zamu yangu, lakini maelezo yake yanasema kamera ilikuwa imetazama mbali kabisa, sehemu ya anga ambayo hatukuwa na shughuli nayo. Akaamua kwamba siku ile sikuwa kwenye darubini, kwamba niliiacha ijibonyeze ovyo, nikaenda zangu.

Sikwambii Fadhili alikuwa mbaya. Aliamini alichosomewa na mashine. Ila alikisema wakati wa chai, mbele ya watu, na mama aliyekuwa anatupikia alikuwa mtu wa Dimani. Maneno yakatoka pale. Yalipofika Dimani mtu mmoja akakumbuka kwamba kwenye ngoma ya Ruaruke alimwona msichana mwenye khanga kama yangu. Yalipofika Mbuchi nilikuwa nimeshaonekana na mwanaume.

Mama mdogo aliulizwa kama alikuwa na mimi usiku ule. Mama mdogo hakuwa mtu wa uongo. Alisema hapana, alikuwa anazalisha. Alilia baada ya kusema, na mimi nililia, lakini hakuna ambaye angeweza kulirudisha neno lile. Wewe ni mwanamke, unajua maana yake. Chuo kilikuwa kinaondoka, ndiyo, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Kilichokuwa kinaondoka ni uso wa kutembea nao Mbuchi, wangu na wa mama yangu na wa wadogo zangu wa kike.

Ndiyo hiyo asubuhi sasa. Baba amesimama mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mwalimu Matimbwa aliinuka, bado mdhaifu kwa homa, akamsogezea kiti.

"Mwalimu," baba akasema, "ulikuja kwangu nikakukabidhi mtoto. Nimekuja nimchukue."

"Ni haki yako, Mzee Abdallah," Mwalimu akamjibu. "Nakuomba jambo moja tu. Ukae hapa na sisi mpaka Alasiri. Nimekuwa mgonjwa, na picha za zamu yake sijazitazama kwa macho yangu."

Baba alikaa. Mwalimu akamgeukia Fadhili, akamuuliza kama yeye amezitazama. Fadhili akasema ameona zilipo.

"Sikukuuliza zilipo. Nimekuuliza umezifungua ukazitazama?"

Fadhili akainamisha kichwa. Hakuwa amefungua hata moja. Alikuwa amesoma maelezo tu na kuona shimo. Mwalimu hakumfokea. Alimwambia kwa sauti ya chini, lakini wote tukasikia, kwamba ametoa hukumu juu ya mtoto wa mtu kwa kitu ambacho hakukitazama, na kwamba akae pembeni aangalie jinsi kazi inavyofanywa.

Kisha akaniita mimi kwenye kompyuta. Nilikaa nikaanza kubonyeza mbio mbio, nataka niyachukue mafaili yangu niyasukume katikati ya picha pale pale, shimo lizibe, baba aone. Akaniambia nitoe mkono.

"Zuhura, unataka kupona haraka au unataka kupona kabisa?"

Nikasema nataka kupona kabisa. Akasema basi tutayaandaa kama tunavyoyaandaa ya watu wote, ili asiwepo wa kusema tumeyapendelea. Mwanangu, sijawahi kuambiwa neno lililoniuma na kunifaa kwa wakati mmoja kama lile.

Tukaanza. Kwanza tulinakili mafaili yote kama yalivyotoka kwenye kamera, tukayaweka kando, yasiguswe na mtu. Halafu tukafungua moja moja. La kwanza lilikuwa limeharibika: nyota zote zimevutwa kama uji uliomwagika, kwa sababu niligusa stendi nilipokuwa bado nakaza nyaya. Nilisikia kiti cha baba kikilia nyuma yangu. Mwalimu akalitenga lile faili na kuniambia nifungue linalofuata.

Linalofuata lilikuwa safi. Nyota zilijaa kama mchele kwenye ungo. Na linalofuata, na linalofuata. Tukayatoa madoa ya kamera yenyewe kwa kutumia zile picha za giza, zilizopigwa darubini ikiwa imefunikwa. Tukasawazisha mwanga kwa picha za shuka jeupe tulilokuwa tunatundika asubuhi, maana kamera ile ilikuwa inaona katikati vizuri kuliko pembeni. Tukakata kingo zilizochakaa. Kazi inachosha, nawe unajua inachosha. Adhuhuri ikaingia, wanaume wakaenda kuswali wakarudi, baba akarudi kwenye kiti kile kile. Sikuweza kula.

Baada ya Adhuhuri Mwalimu akafanya jambo ambalo programu haikulifanya. Alifungua picha yangu moja, kando yake akafungua picha ya safu jirani, iliyopigwa na mwanafunzi mwingine usiku wa kabla. Akaniambia nisisome maelezo yoyote, nitazame nyota peke yake, na nikiona kitu nisiseme mpaka niwe na hakika.

Nilitazama ukingo wa kushoto wa picha yangu. Palikuwa na nyota zimejipanga kama ndoana, moja ya mwisho nyekundu kidogo, na juu yake wingu jembamba la vumbi jeusi. Nikatazama ukingo wa kulia wa picha ya jirani. Ndoana ile. Nyota nyekundu ile. Wingu lile. Nilijua kabla sijaruhusu moyo wangu kujua, nikarudia kutazama mara kadhaa, nikiogopa kwamba nataka sana na ndiyo sababu naona.

"Ni pale pale," nikasema. "Kamera ilikuwa inatazama pale pale."

Mwalimu akasema na yeye anaona hivyo, na akamwita Fadhili aone. Fadhili aliinama muda mrefu. Nakwambia jambo moja la kumsifu: alikuwa na akili, na akili yake ilipopata pa kushika haikutafuta kujitetea. Akaniuliza nilitumia kompyuta gani usiku ule. Nikamwambia ilizimika ile kubwa, nikachukua ya kwake ya akiba. Akaenda kuitoa kwenye begi, akaiwasha, akatazama saa iliyokuwa kwenye kioo chake. Kompyuta ile alikuwa ameletewa na jamaa yake kutoka nchi za mbali, na ilikuwa bado inahesabu saa za huko. Darubini ilipoiuliza ni saa ngapi ipate kujua nyota zimefika wapi, ikajibiwa saa za watu wengine. Mimi niliielekeza kwa mkono, ikatazama panapotakiwa, na kompyuta ikaandika pengine.

"Kompyuta ni yangu," Fadhili akasema, akimtazama baba na siyo mimi. "Sikuirekebisha saa. Mzee, binti yako alikuwa kazini."

Baba akamuuliza Mwalimu kama kijana amesema kweli. Mwalimu akasema anaamini hivyo, lakini tungoje, tuone mpaka mwisho. Yaani hata pale hakuharakisha.

Picha zote za zamu yangu baada ya kubadilisha kompyuta zilikuwa zimekosewa kwa kiasi kilekile, upande uleule. Tukarekebisha maelezo ya kila moja, kwenye nakala, na kila tuliporekebisha tulihakikisha nyota zake zinakubaliana na za jirani. Kisha tukayarudisha mafaili yote kwenye programu na kuiacha ifanye kazi. Kompyuta za wakati ule, mwanangu, zilikuwa zinafikiri mpaka unasahau ulichoziuliza. Alasiri ikafika, ikapita. Baba hakuinuka kudai ahadi yake. Nilikuwa nimekaa na mikono mapajani, nasikiliza jenereta, naomba tu isizime.

Picha ikaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari, kutoka juu. Ilipofika pale palipokuwa na shimo nilifumba macho. Nilifumbuliwa na kelele za wanafunzi nyuma yangu. Katikati pamejaa. Palikuwa na nyota nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na mawingu ya vumbi yakipita kati yake kama vijito vya deltani vinavyoonekana kutoka juu. Mshono mmoja ulikuwa unaonekana kidogo upande wa chini. Sikuujali hata kidogo.

Baba alisogea. Hakuwa mtu wa kusifia vitu. Akanyoosha kidole bila kugusa kioo, akauliza, "Hapa ndipo ulipokuwa?"

"Ndiyo, baba. Hapa."

"Usiku wote ule wanaousema?"

"Mpaka nilipoifunika darubini nikaenda kulala."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaiegemeza bakora yake ukutani, akakaa, akauliza kama hapo Kibiti mtu anaweza kupata chai. Sikumbuki furaha kama ile. Haikuwa furaha ya kurukaruka. Ilikuwa kama mtu aliyetembea na ndoo ya maji kichwani njia ndefu, wakamsaidia kuitua, na shingo haijaamini bado. Nilikwenda nyuma ya chumba, nikaosha uso, nikarudi nikala mihogo ya kukaanga ya watu watatu.

Baba alilala Kibiti siku ile. Kesho yake alirudi Mbuchi bila mimi, na Ijumaa baada ya swala aliwaambia wenziwe, kwa maneno machache, alichokiona kwa macho yake. Fadhili naye hakutuma salamu. Alifunga safari mwenyewe mpaka Dimani kwa mama mdogo Somoe, na baadaye Mbuchi, akaomba radhi nyumbani kwetu. Baba akamsamehe, akamwambia ale. Maneno ya Ruaruke hayakufa siku moja, watu ni watu, lakini yalikosa pa kukaa. Nilikwenda chuo. Mengine unayajua, maana wewe mwenyewe unasoma kwangu.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Weka nakala ya kile kilichotoka kwenye kamera, uiache kama ilivyo. Hakikisha saa ya kompyuta yako kabla hujaanza. Fungua kila picha uitazame kwa macho yako, hata kama ni nyingi, hata kama mgongo unauma. Safisha kila moja kwa namna moja, ile unayoipenda na ile usiyoipenda. Ukishamaliza hapo, ndipo uiruhusu programu ishone. Na ukiona shimo kwenye kazi, usikimbilie jina la mtu. Nyuma ya kila faili kuna mtu aliyekesha, na mtu huyo ana baba, ana mama, ana mji wa kurudi. Mwalimu Matimbwa angeweza kuniacha niondoke asubuhi ile. Alikuwa mgonjwa, na mtu mwenye kompyuta alikuwa ameshasema. Aliomba muda wa mpaka Alasiri tu, na muda ule ndio uliozaa maisha yangu yote. Siku ukiwa na uwezo wa kumwombea mtu muda, mwombee.

Mungu akupe subira ya kuanza kazi upya bila kununa, akupe macho yenye afya na mkono mtulivu. Akulinde na ulimi wa watu, na akuzuie ulimi wako usiwadhuru wengine. Akuzungushie walimu wa kweli, na akujalie uwe mmoja wao nitakapokuwa sipo. Amina. Haya, leta kompyuta yako, tuanze na faili la kwanza.